Uchovu Usioondoka kwa Usingizi

Mke wangu Mwanaidi ni mpishi wa shughuli. Anayezijua harusi za mtaa wetu wa Ngamiani anajua maana yake: sufuria zinazobebwa na watu wawili, moshi machoni tangu alfajiri, mwiko mrefu kama kasia, na wali unaotakiwa kushibisha mtaa mzima bila kuungua chini. Nimemwona akigeuza pilau huku anawatania wakwe na kuwagombeza wanaokata vitunguu vinene, na jioni akirudi nyumbani anaosha masufuria uani kabla ya kuoga. Kwa hiyo siku nilipomkuta ameketi mkekani, kitunguu kimemenywa nusu mkononi, kisu kimelala pajani, macho yake ukutani, sikujua ninachokiona.

"Vipi, Mama Rukia?"

"Nimechoka."

"Si ujilaze kidogo basi."

"Nimelala tangu asubuhi, Baba Rukia. Nimeamka nimechoka kuliko nilivyolala."

Ilikuwa siku chache baada ya dozi ya pili ya dawa za saratani. Naandika haya sasa, mabaya yakiwa yamepita, kwa ajili ya mtu ambaye leo amesimama mlangoni mwake anamtazama mgonjwa wake vile nilivyosimama mimi. Hospitali walituambia mapema kuhusu nywele kudondoka na kutapika, na hayo tukayashika vizuri. Uchovu pia waliutaja. Lakini neno lile tulilipokea kama neno tunalolijua. Nani asiyejua kuchoka? Mimi ni fundi majokofu, nashinda nimeinama karakana yenye bati la moto. Nilidhani nami nina habari zake.

Titi lake la kushoto lilikuwa limeshaondolewa wakati wa vuli, na kidonda kilipona vizuri. Dawa za mshipani zilianza upepo wa kaskazi ulipokaza, na kuzifuata tulipanda basi mpaka Moshi. Tulizoea kuondoka Tanga jua halijachomoza, yeye dirishani na mfuko wa plastiki mkononi kwa tahadhari. Ukumbi wa kusubiria pale hospitali una mabenchi marefu, na watu wanajifunza kukaa kwa zamu: anayejisikia vibaya anapewa pembe ya ukuta aegemee. Kuna runinga isiyotoa sauti. Kila mlango unapofunguka shingo zote zinageuka, kisha zinarudi. Huko ndiko nilikojifunza kumwangalia mke wangu bila yeye kujua kwamba anaangaliwa.

Baada ya dozi ya kwanza alikaa siku mbili kitandani, akainuka. Tukafurahi, tukaona ni hivyo tu. Alipoletewa kazi ya harusi ya Chumbageni akaikubali. Nilimwambia asiende. Akanitazama kama niliyemtukana.

"Nimekatwa titi, Baba Rukia, sikukatwa mikono."

Harusi yenyewe iliangukia baada ya dozi ya pili, wiki ile ile ya kitunguu. Alikwenda. Alijifunga mtandio vizuri kwa sababu nywele zilikuwa zimeanza kubaki kwenye mto, akachukua mwiko wake, akaondoka na Rukia, binti yetu, ambaye alikuwa amemaliza shule na anajifunza ushonaji. Kabla ya adhuhuri Rukia alinipigia simu analia. Mama yake alikuwa ameinua kifuniko cha sufuria, akakishika, na akashindwa kukirudisha. Hakuanguka. Alisimama tu na kifuniko kile mkononi, mvuke unampiga usoni, mpaka wanawake wakamshika wakamkalisha kwenye gunia la mchele. Nilipofika nilimkuta hapo, amejifunika uso kwa khanga. Wenzake walikuwa wanapika kimya. Jiko la shughuli halina kawaida ya kuwa kimya.

Nami siku ile nikaamua: hatagusa kitu.

Nikamwomba mama yangu, Bi Chausiku, aje kutoka Tongoni atusaidie. Alikuja na kapu la samaki wakavu na unga wa muhogo wa kupikia bada, chakula ambacho Mwanaidi alikuwa anakipenda kuliko wali. Harufu ya wale samaki ilipofika chumbani, Mwanaidi alitapika mpaka akabaki anatetemeka. Mama alilichukua lile kapu akalipeleka kwa jirani, lakini niliona ameumia.

Mama yangu ni mtu wa shamba. Kwake yeye mchana una kazi yake na usiku una kazi yake. Kila alipopita mlangoni na kumwona mkazamwana wake amelala jua likiwa utosini, na mimi mwanawe niko uani nasugua masufuria, alikuwa anavuta pumzi ndefu ya kusikika.

"Bakari mwanangu," aliniambia siku moja, wala hakupunguza sauti, "mimi nimezaa, nimelima, nimezika. Sijapata kulala mchana namna hii. Mtu akilala sana ugonjwa unamzoea. Mwinue atembee."

"Mama, ni zile dawa."

"Dawa gani inayomlaza mtu kuliko ugonjwa wenyewe?"

Ukuta wetu ni mwembamba. Mwanaidi alikuwa anasikia. Kesho yake, nilipokwenda karakana, aliinuka mwenyewe akachota maji akaingia bafuni kuonyesha kwamba anaweza. Rukia alisikia ndoo inaanguka. Walimkuta ameketi sakafuni, ameegemea ukuta, sabuni kichwani, kichwa ambacho sasa hakikuwa na unywele hata mmoja. Hakuumia. Alisema tu alipofika katikati ya kuoga nguvu ziliisha, kama taa iliyozimwa.

Niliporudi nikafoka. Nilimfokea Rukia, nikamfokea mama kwa adabu, nikamfokea mgonjwa mwenyewe. Kwa nini hakuita? Kwani sisi tuko humu kufanya nini? Mwanaidi alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kwani mmenizika?" akasema.

"Nani kakuzika?"

"Nyinyi. Nikinyoosha mkono kuchukua kikombe, kimeshachukuliwa. Nikitaka kumenya embe, Rukia kashamenya. Mama yako ananiona mvivu, wewe unaniona maiti. Hakuna anayeniona mimi."

Mama alitoka kwenda barazani. Mimi nilibaki nimesimama na taulo mkononi. Siku zile nyumba yetu ilikuwa na kimya cha aina yake. Kila mtu anatembea kwa vidole, kila mtu ana hasira, na hakuna wa kumkasirikia.

Katika safari ya dozi ya tatu ndipo tulipokutana na Mama Elinema. Alikuwa mama wa makamo kutoka Lushoto, anamsindikiza mumewe, mwalimu mstaafu. Alikuwa anafuma sweta la mtoto, na tulipokaa naye benchi moja akasogeza uzi wake kutupisha. Mwanaidi alipoitwa ndani, yule mama akaniuliza bila kuacha kufuma:

"Baba, nyumbani unamfanyia kila kitu?"

"Kila kitu, mama."

"Ndiyo maana hasemi nawe."

Nikashtuka. Akatabasamu kidogo.

"Nimewaona mnavyoshuka ngazi. Mume wangu naye nilimnyang'anya kila kitu, mpaka kikombe cha chai. Akaacha kuzungumza na mimi wiki nzima. Sikiliza. Mgonjwa wa hizi dawa anaamka na nguvu kiganja kimoja tu. Wewe hujui anataka kuitumia wapi. Muulize. Kila asubuhi muulize, leo kitu gani kimoja unakitaka? Hicho akifanye yeye, hata akikosea, hata akichelewa. Mengine yote fanyeni nyinyi. Bafuni weka stuli, aoge amekaa. Atembee kidogo wakati wa jua dogo, asilazimishwe. Na akisema amechoka, mwamini. Usimwambie ajikaze. Hilo neno linawaua kabla ya ugonjwa."

Nesi aliyemtoa Mwanaidi siku ile akatuongezea lake, kama anavyowaambia wote: "Akipata homa, hata ndogo, msisubiri hali ya kesho. Nendeni hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo, na mkifika mlangoni semeni kwanza kwamba yuko kwenye dawa za saratani."

Kwenye basi, tulipopita Same, nikamwambia Mwanaidi nimekosea kumfungia. Nikamuuliza kitu anachokitaka.

"Bizari," akasema. "Nataka kuchagua bizari."

Na ndivyo ilivyokuwa. Wenzake wa upishi wakaanza kumletea viungo vya shughuli zao: bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, anaketi uani na ungo mapajani, anachambua, ananusa, anatupa kibovu, anasema hii ni ya mwaka jana, mmedanganywa. Siku nyingine kazi hiyo ilikuwa fupi kuliko kunywa kikombe cha uji, kisha anarudi kitandani akiwa amemaliza kila alichokuwa nacho. Lakini alirudi kitandani kwa miguu yake, na jina lake likaendelea kutajwa majikoni. Nikamnunulia stuli ya bafuni. Nikamwambia pia neno moja ambalo baadaye lilitaka kutuponza: "Mwana, kuanzia leo ukiniambia umechoka, nitakuamini. Sitakuuliza mara ya pili."

Mama yangu aliyaona yote hayo. Siku moja nikamkuta bafuni, amejifunga khanga kiunoni, anamsugua Mwanaidi mgongo ambao mbavu zake zilikuwa zinahesabika. Nilirudi nyuma wasinione. Tangu siku hiyo mama ndiye aliyekuwa mlinzi wa mlango. Wageni wakija anawaweka barazani, anawapa kahawa, anawaambia, "Mkazamwana amepumzika. Salamu zenu nitazifikisha."

Dozi ya nne ilikuja na masika. Mvua ya mwaka ule ilinyesha kama iliyotumwa; barabara zetu za Ngamiani zilijaa maji, watu wakawa wanakokota baiskeli badala ya kuzipanda. Mwanaidi alirudi Moshi akiwa mweupe kwenye vitanga vya mikono. Alilala siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hatukuona ajabu. Bizari zilikaa kwenye ungo hazijaguswa, nasi tukasema tumwache, dozi zinazidi kuwa nzito. Tulikuwa tumeshakuwa hodari wa kumwacha apumzike.

Alasiri moja nilikuwa nimefungua jokofu la muuza samaki, mvua inapiga bati, nikashindwa kufanya kazi. Siwezi kusema nilioteshwa. Nilichoka tu na kelele ya bati, nikaamua niende nikasali nyumbani. Mama alikuwa mlangoni kama kawaida yake.

"Shh. Amelala vizuri leo. Hakuamka hata kunywa maji."

Nikaingia. Chumba kilikuwa na joto, na Mwanaidi alikuwa amejifunika blanketi na khanga mbili juu yake.

"Mama Rukia."

"Waambie maji hayajachemka," akasema. "Bibi harusi asitoke kwanza."

Nikaweka mkono shingoni mwake, nikautoa kama niliyegusa sufuria. Vidole vyake vilikuwa baridi. Nikamwita Rukia alete kipimajoto, na alipokitoa kwapani nilimwona mwanangu uso unabadilika kabla hajasema namba.

"Rukia, tafuta bajaji."

Mwanaidi akafumbua macho. Na hili ndilo ambalo mpaka leo likinijia nashika kitu kilicho karibu: akili yake ilirudi, kwa muda mfupi tu, akanitazama vizuri kabisa.

"Baba Rukia, usinipeleke popote. Nimechoka."

"Una homa, Mwana. Lazima twende."

"Nimechoka. Uliniahidi." Machozi yakamtoka pembeni ya macho bila uso kubadilika. "Niache nilale tu. Ulisema utaniamini."

Nilipiga magoti pale kando ya kitanda. Nilikuwa nimemwahidi, ni kweli. Na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeomba kitu kidogo sana.

Wakati huo huo akaingia kaka yake mkubwa, Athumani, amelowa chapa. Alikuwa amekuja kumjulia hali tu. Aliposikia dada yake ameanza tena maneno ya bibi harusi na maji, akashika kichwa.

"Hii si homa ya hospitali," akasema. "Kuna shehe Pangani, kamsomea mtoto wa fulani akapona. Asomewe kwanza. Na mvua hii unamtoa wapi mgonjwa? Ataganda njiani. Ngojeni ikatike, kesho asubuhi tutajua."

"Shemeji, kule Moshi walisema siku hiyo hiyo."

"Walisema, walisema! Hao ndio waliomfanya hivi. Mwenyewe anasema aachwe. Unamburura dada yangu kama mzigo?"

Nikainuka. Sijapata kumpandishia sauti shemeji yangu maishani, na siku ile nilimpandishia. Naye akapandisha. Tulikuwa tumesimama juu ya mgonjwa tunapigiana kelele, na mgonjwa amefumba macho tena anaongea na watu wa jikoni. Ndipo mama alipoingia. Alitupita sote wawili, akainama, akamgusa Mwanaidi shavuni, kisha miguuni. Akanyooka.

"Athumani, baba, mshike miguu."

"Mama, lakini..."

"Visomo utamsomea huko huko. Mshike miguu."

Athumani akamshika miguu.

Maji yalikuwa yameingia ndani ya bajaji mpaka kwenye viatu. Rukia alikaa nyuma na mama yake mapajani, mimi pembeni nimewakinga kwa turubai. Kabla hatujafika lami bajaji ikazima. Dereva akajaribu, ikakohoa, ikazima tena. Athumani alikuwa anatufuata kwa miguu. Alipotuona tumesimama akaja nyuma akaanza kusukuma, maji ya magoti, kanzu yake imempanda kiunoni. Nami nikashuka. Tulisukuma sote wawili bila kutazamana. Ilipowaka, niliruka nikaingia, nikamwacha amesimama katikati ya maji amenyoosha mikono juu, anaomba dua kwa sauti.

Mapokezi ya hospitali yetu ya Tanga yalikuwa na watu wengi, wengine wanasubiri tangu mchana. Nilisahau mambo yote isipokuwa lile neno la nesi. Nikalisema kabla ya salamu: "Yuko kwenye dawa za saratani na ana homa." Yule dada aliyekuwa mezani akainua kichwa, akasimama, akaita machela. Wewe unayesoma, kama utasahau mengine yote niliyoyaandika, usisahau sentensi hiyo. Iseme kwanza, halafu ndiyo usalimie.

Wakamwekea maji ya mshipani na dawa, wakachukua damu kupima, wakarudi wakasema anatakiwa aongezewe damu haraka. Athumani alikuwa ameshafika, anadondoka maji sakafuni. Alikunja mkono wa kanzu kabla hajaulizwa. Baadaye nilimkuta kando ya kitanda cha dada yake, pamba imebandikwa mkononi, anasoma Yasin kwa sauti ya chini, na dripu inashuka tone kwa tone juu ya kichwa chake. Sikumkatiza. Nilikaa upande wa pili.

Daktari alikuwa kijana, pengine umri wa mtoto wa kaka yangu, lakini alinishika bega kama mtu mzima. "Mngengoja mvua ikatike..." akasema, akaona uso wangu, hakuimaliza. "Mmewahi, mzee. Mmewahi."

Siku ambazo Mwanaidi alikuwa kule nilikuwa nakwenda karakana sifanyi kazi, narudi hospitali sina la kufanya. Homa ilishuka, ikapanda, ikashuka. Asubuhi moja alifumbua macho akataka uji, na uji ule alikunywa vijiko viwili akalala, nami nikatoka nje nikampigia simu mama nikamwambia vijiko viwili kana kwamba natangaza mtoto amezaliwa.

Alipopata nguvu ya kuzungumza, neno lake la kwanza la maana lilikuwa la lawama.

"Ulisema utaniamini."

"Nilikuamini kwamba umechoka," nikamwambia. "Sikuamini kwamba ni uchovu tu."

Akageukia ukuta. Kisha akasema, "Nilikuwa naondoka, Baba Rukia. Na palikuwa pazuri kwa sababu hapakuwa na kazi." Hatujayazungumza tena maneno hayo, na yamenitisha kuliko homa.

Tuliporudi nyumbani alitangaza kwamba amemaliza. Dozi zilizobaki hazitaki. Alisema kwa utulivu, wakati wa chakula, kama mtu anayesema hataki sukari kwenye chai. Mama alitazama sahani. Rukia aliacha kula. Mimi nilitaka kupiga meza, nikajizuia, kwa sababu nilikuwa nimeona kwa macho yangu zile dawa zilivyomfanya. Siku zilizofuata nyumba ilirudi kwenye kile kimya. Mara nyingi nilisimama mlangoni na maneno yangu tayari, nikamwona amelala amekunja miguu kama mtoto, nikageuka. Ningemwambiaje mtu aliyechoka vile aendelee kuchoka?

Mwishoni nikamwomba jambo dogo. "Twende Moshi umwambie daktari mwenyewe, kwa mdomo wako. Ukishamwambia, tunarudi. Sitasema neno."

Akakubali. Tulikwenda mvua zikianza kupungua. Ukumbi ulikuwa vile vile, runinga ile ile. Mwanaidi alitafuta kwa macho benchi lililozoeleka. Siku yake na siku ya yule mwalimu wa Lushoto zilikuwa zinakwenda pamoja, lakini Mama Elinema hakuwepo. Kwenye ile pembe ya ukuta alikaa binti mdogo, anaonekana hajafika hata umri wa Rukia, mtandio mpya kichwani, peke yake. Alikuwa anatetemeka. Mwanaidi akakaa karibu naye.

"Umekuja na nani, mwanangu?"

"Mama kaenda kununua maji. Shikamoo."

"Marahaba. Ya kwanza leo?"

Akatikisa kichwa kukubali. "Eti inauma?"

Mwanaidi akamwambia kweli. Sindano inauma kidogo. Dawa haiumi, ina baridi mkononi. Nywele zitadondoka, azinyoe kabla hazijamhuzunisha. Atachoka uchovu ambao hajawahi kuujua, na watu watamwambia alale, na akilala hautaondoka. Asidhani amekuwa mvivu, asidhani ana kasoro, aombe stuli ya bafuni. Aliyasema yote hayo kwa sauti yake ya jikoni, ile ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi. Binti aliacha kutetemeka akawa anamsikiliza.

Jina la Mwanaidi likaitwa. Aliingia kwa daktari, mimi nyuma yake, nimefunga mdomo kama nilivyoahidi. Akamweleza kila kitu, homa, damu, na hata pale palipokuwa pazuri. Daktari alisikiliza. Akasema dozi anaweza kuipunguza na kuna sindano ya kumkinga asirudi tena kwenye hali ile, lakini uamuzi ni wake, na hatakasirika. Mwanaidi alikaa ameangalia mikono yake.

"Yule mtoto pale nje ataniona natoka," akasema.

Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa, nikatazama chini.

"Haya," akasema. "Niwekee."

Mama Elinema hatukumwona siku hiyo wala zilizofuata. Sikuuliza. Mwanaidi naye hakuuliza.

Dozi ya mwisho aliipata upepo wa kusi ukiwa umetulia, na hapa kuna jambo jingine ambalo ningependa mtu angeniambia mapema. Dawa ziliisha, uchovu haukuisha. Nywele zilirudi, laini kama za kifaranga, akaanza kula samaki, majirani wakasema amepona, na bado alikuwa anashika ukuta akitoka chumbani kwenda uani. "Si kamaliza dawa?" watu wakaniuliza, na hata mimi kuna siku nilijiuliza hivyo kimoyomoyo. Uliondoka polepole mno, kama maji ya bamvua, yale ya bahari kujaa sana, yanavyotoka mikokoni, huoni yanavyokwenda, unaona tu matope yamejitokeza. Mwezi mmoja alitembea mpaka kona. Mwezi mwingine mpaka sokoni, akarudi kwa bajaji. Siku hizi anapika shughuli tena, lakini amekaa kwenye kiti, anaamuru, na mwiko wanaushika wengine. Kesho yake analala mpaka adhuhuri, na mama yangu, ambaye alikataa kurudi Tongoni, anakaa mlangoni.

Tulipokwenda kupimwa baada ya mapumziko marefu, daktari alisoma majibu, akasema haoni kitu kwa sasa, turudi kila baada ya miezi kadhaa. Tuliposhuka ngazi hatukushangilia. Tuliogopa kushangilia. Tulipanda basi la kurudi kama watu wanaotoka kazini.

Basi liliposimama Muheza, Mwanaidi akanunua machungwa dirishani. Akamenya moja kwa kisu cha muuzaji, ngozi ikatoka mzunguko mmoja bila kukatika, akanipa nusu. Akawa ananitazama ninavyokula.

"Baba Rukia, umechoka?"

Katika muda wote ule hakuna aliyewahi kuniuliza, wala mimi sikuwa nimejiuliza.

"Hapana," nikasema.

"Nakuuliza kweli."

Nikataka kusema hapana tena. Basi lilijaa watu, na mimi mtu mzima mwenye ndevu nyeupe nilikuwa nimeshika kipande cha chungwa, machozi yananidondokea kwenye kanzu.

"Nimechoka, Mwana. Nimechoka sana."

Alisogea, akakishika kichwa changu, akakilaza begani kwake, upande ule wa kovu, mbele ya abiria wote.

"Haya lala," akasema. "Nipo macho."

Nikalala. Muheza si mbali na Tanga, lakini sikumbuki tulipita wapi.